Viti vya Gari Jekundu

Jumapili, 2 Mei 1976

Mwalimu Justa wa kisomo cha watu wazima ametuambia tuandike kila siku, hata mstari mmoja, herufi zisije zikatutoroka. Basi naandika. Mimi ni Bwanali, fundi wa magari hapa Nachingwea, jirani na soko. Kwetu ni Mandawa. Mke wangu Mwanasha yuko huko na binti yetu Sabaha kwa ajili ya ufuta. Leo mvua imenyesha asubuhi.

Jumatatu, 3 Mei

Nimefunga klachi ya lori. Mvua tena.

Jumatano, 5 Mei

Leo nimeletewa gari ambalo sijapata kushika mfano wake tangu nianze ufundi. Jekundu, la watu wawili tu, na fupi kiasi kwamba nikisimama kando yake naona ng'ambo bila kunyoosha shingo. Paa lake ni turubai. Lilikuwa la injinia mmoja wa barabara, Mzungu, aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Amelinunua Ndugu Modestus, mpima ardhi.

Huyu Modestus ni mtu wa Mbinga, ana mwaka wa pili hapa. Ni mrefu kama nguzo ya simu na huvaa miwani myeusi hata mvua ikinyesha. Akipita sokoni hatembei, anajionyesha. Sijawahi kumpenda, ila kazi ni kazi.

Gari limekaa bandani masika yote, na panya wamekula viti vyote viwili. Zimebaki springi na vipande vya ngozi. Lakini injini nzima. Nilipoiwasha, sauti yake ilimtoa Ausi kwenye gereji yake iliyo ng'ambo ya barabara. Alilizunguka gari mara mbili, akaniuliza mama wa gari hili dogo yuko wapi. Ausi ni hivyo. Tangu nimjue hajawahi kuona kazi yangu akakosa la kusema.

Modestus anataka gari liwe tayari kwa Saba Saba. Kamati ya sherehe imeandaa mashindano ya magari kutoka hapa hadi Ruangwa. Viti vipya ameagiza Dar es Salaam.

Jumapili, 9 Mei

Nimekwenda Mandawa. Ufuta umesimama vizuri, majani ya chini yameanza kugeuka manjano. Nilimsimulia Mwanasha habari za gari. Akauliza linachukua watu wangapi, nikamwambia wawili. Akauliza mizigo inakaa wapi, nikamwambia halina pa mizigo. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Akasema hiyo ni baiskeli iliyoezekwa.

Jumatano, 12 Mei

Hakuna kazi. Nimesoma gazeti la juzi lote peke yangu, pamoja na matangazo ya vifo.

Ijumaa, 14 Mei

Viti vimefika kwa lori. Vimetoka kwenye gari la mashindano lililovunjika huko Dar. Si viti kama ninavyovijua mimi. Vimechimbwa kama bakuli, ukikaa vinakukamata kiuno pande zote mbili, na kila kimoja kina mkanda wake mpana. Modestus alikalia kimoja hapohapo juu ya udongo, mbele ya gereji, akashika usukani wa hewani. Watu wa sokoni wakasimama kutazama. Akawapungia mkono.

Tatizo ni kwamba matundu hayalingani. Miguu ya viti hivi ni mipana kuliko ile ya viti vya zamani, na sakafu ya gari inapanda kidogo upande wa mbele. Nilimwambia kazi hii inataka muda. Akanijibu kwamba barabara ya Ruangwa nayo inataka muda, na yeye anataka kuanza mazoezi wiki ijayo.

Jumanne, 18 Mei

Nimemaliza. Nimesawazisha sakafu kwa vipande vya mbao za mninga, nikatoboa matundu mapya kwenye bati, nikafunga kwa bolti nilizokuwa nazo. Mikanda nimeifunga kwenye chuma cha kiti chenyewe, maana ndipo palipokuwa rahisi. Vinapendeza. Kwa ajili ya zile mbao, Modestus akikaa kichwa chake kinapita juu ya kioo, upepo wote ni wake. Amefurahi. Na mimi nimefurahi.

Jumapili, 23 Mei

Mandawa. Tumeanza kukata ufuta wa upande wa bondeni, ambao umewahi. Mgongo unauma. Nilimwambia Mwanasha viti nimevifunga, vimeshika kama meno. Akasema vizuri, shika mundu.

Alhamisi, 27 Mei

Mvua imekwisha kabisa. Vumbi limeanza.

Jumamosi, 29 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kitandani, goti limevimba kama nazi.

Asubuhi Modestus alikuja na gari akaniambia twende tukalijaribu. Nilikaa upande wa abiria. Tulitoka mjini polepole, yeye akiwa na miwani yake, akiwaamkia watu. Tulipoufikia mchanga mwekundu kwenye mashamba ya mikorosho, aliongeza mwendo. Sitasema uongo, ilikuwa raha. Sijawahi kukaa karibu na ardhi vile nikikimbia vile. Mikorosho ilipita kama watu wanaokimbilia basi. Modestus alikuwa akiimba wimbo wa kwao, na mimi nisiyejua maneno yake nikawa naimba naye.

Kuna mahali barabara inashuka kwenye kijito kikavu halafu inapanda. Alishuka vizuri. Kwenye kupanda akakanyaga mafuta kwa nguvu, na hapo nikasikia mlio kama mtu anachana kitambaa kipya.

Bolti za mbele za kiti chake zilikuwa zimechomoka na bati lake. Kiti kikalala chali na yeye ndani yake. Miguu yake mirefu ikaenda juu, mbali na breki, mbali na kila kitu. Mikono ilibaki kwenye usukani, na kwa kuwa alikuwa akianguka nyuma akawa anauvuta usukani huohuo ajishikilie. Gari likageukia porini. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Gari likajizungusha, likaingia kwenye kichuguu.

Mkanda wangu haukukatika. Ulikuja nami, mzima, pamoja na kiti ulichofungwa. Kiti changu kiling'oka nyuma, kikanisukuma hadi nikapiga goti kwenye dashibodi. Nikakaa pale vumbi likitua, nikitazama mkanda mzuri umenikumbatia kifuani, na mimi na mkanda na kiti tumekwenda pamoja.

Modestus alikuwa bado amelala chali, anatazama mbingu. Kidevu kilikuwa kinatoka damu. Miwani imevunjika. Kwa mara ya kwanza niliyaona macho yake, na yalikuwa macho ya kijana tu, mwenye hofu kama mimi.

Tulipata lori la mkaa likaturudisha. Hospitali wamemshona kidevu na kumwambia bega limeteguka kidogo. Mimi wameniambia goti litapona lenyewe.

Kitu kimoja kinanirudia. Kama mlio ule ungetokea kwenye mteremko wa daraja lililo mbele ya pale, nisingekuwa naandika.

Jumapili, 30 Mei

Nilijua leo atakuja ama na polisi ama na maneno. Niliandaa majibu. Nilipanga kusema kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haraka. Nilipanga kusema kwamba viti si vyangu.

Alikuja peke yake, kwa miguu, kidevu kimefungwa bandeji. Alikaa kwenye boksi la spana. Hakuwa na miwani. Nilianza kusema, akanizuia kwa mkono mzima.

"Fundi, uliniambia kazi inataka muda. Nikakukimbiza. Na wewe ukakubali kukimbizwa," alisema. "Basi tuligawane hilo. Mimi nachukua nusu."

Majibu yangu yote yalikuwa ya ugomvi, nikayaacha. Nikamwambia nusu yangu naichukua, na kwamba yangu ni kubwa zaidi, maana aliyeshika spana ni mimi. Halafu akaniuliza kama Saba Saba bado tunaiwahi. Nikacheka, goti likauma.

Jumanne, 1 Juni

Mwanasha amefika kutoka Mandawa. Habari zilimfikia kwamba nimekufa, kisha kwamba nimevunjika miguu yote miwili, kisha kwamba ni goti. Alipoingia na kunikuta nimekaa nakula muhogo, alikaa chini akalia, halafu akala muhogo wangu.

Baadaye alikwenda kulitazama gari, lililokuwa limeburutwa hadi gereji. Alilitazama muda mrefu. Akaniambia kwamba viti havijapasuka popote, bolti hazijakatika, ila sakafu ndiyo imechanika kama karatasi. Nilichungulia. Ni kweli. Bati lilikuwa limeliwa na kutu kwa chini, masika yote lilikaa kwenye maji ya banda linalovuja. Mimi nilitoboa kwa juu penye rangi nzuri, sikuingia uvunguni. Na mbao zangu za mninga zimepasuka katikati.

Ijumaa, 4 Juni

Nimeng'oa kila kitu. Nimelitazama gari likiwa tupu, sakafu tu na matundu yangu. Sikupenda kuyatazama.

Jumapili, 6 Juni

Mandawa. Kwa goti hili siwezi kuinama, basi nilikaa kivulini nafunga matita. Saa za asubuhi tukasikia pikipiki. Alikuwa Modestus, ameazima pikipiki ya ofisi, kidevu na nyuzi zake. Alisema amekuja kufanya kazi ya fundi, kwa kuwa fundi hafanyi kwa sababu yake.

Hajui kukata ufuta. Anakata kama anayepima mpaka, anaweka mstari. Kwa urefu wake kila akiinama ni safari. Wanawake wa shamba la jirani waliacha kazi wakaja kumtazama. Mwanasha alimwonyesha namna ya kushika shina chini bila kulitikisa, mbegu zisimwagike, na yeye alijifunza, tena upesi. Mchana alikula ugali na kisamvu akaomba tena. Bega lilimuuma lakini hakusema, niliona anavyolibadilisha tita mkono.

Jioni Mwanasha aliniambia, "Huyu mtu uliniambia anajiona. Mbona hajioni?"

Nilimjibu labda ni ile miwani.

Jumanne, 8 Juni

Tumeanza upya. Kwanza nimetoa tangi na bomba la petroli, nikaviweka mbali kabisa chini ya mwembe wa Ausi, kwa sababu safari hii nachomelea na sitaki kulipuka. Nimekata bati lote lenye kutu. Limetoka jingi kuliko nilivyodhani. Kwa muda gari halikuwa na sakafu, ungeweza kulikalia ukatembea.

Jumatano, 9 Juni

Bati jipya limekaa.

Ijumaa, 11 Juni

Modestus anakuja kila akitoka kazini, amevaa ovaroli fupi inayomwishia chini kidogo ya magoti. Anaingia uvunguni kama mimi. Leo tulikwenda kule kwenye machuma yaliyoachwa na mradi wa karanga wa zamani, tukakata sahani za chuma kutoka kwenye trekta lililolala kwenye majani. Chuma kinene, cha kweli. Zitakaa chini ya sakafu, kila bolti ipite kwenye sahani pana, ili bolti ikivutwa isivute tundu lake tu, ivute sakafu nzima.

Mbao nimezitupa. Badala yake nimeweka vyuma viwili vya kukingama, kutoka ubavu wa gari hadi kwenye mgongo wa katikati unaofunika shafti. Viti vitakaa juu ya hivyo.

Jumatatu, 14 Juni

Ausi amekuja kutazama. Amesema sasa gari litashindwa kwenda kwa uzito. Halafu akainama, akatazama sana, akaondoka bila kusema la pili. Kwa Ausi hilo ni jambo.

Alhamisi, 17 Juni

Leo tulibishana kuhusu mikanda. Mimi nilitaka kuirudisha kwenye chuma cha kiti, kwa sababu sasa kiti kimeshika. Modestus akakataa. Alisema siku ile alikuwa amelala chali muda wa kutosha kufikiri. Kiti kazi yake ni kumbeba mtu, mkanda kazi yake ni kumzuia, na ukivifunga pamoja basi kimoja kikikosea vyote viwili vimekosea. Nilifikiri usiku. Nilikumbuka mimi na mkanda na kiti tulivyokwenda pamoja. Ana haki.

Ijumaa, 18 Juni

Mikanda nimeifunga kwenye mwili wa gari: ncha moja ubavuni, moja kwenye mgongo wa katikati, na ya bega nyuma ya viti, kwenye mhimili wa chuma uliokingama pale. Kila ncha na sahani yake. Mkanda wa bega ulikuwa ukipita chini ya bega la Modestus na kumkandamiza, nikaupandisha mpaka ukatoka sawa na bega lake. Na kwa kuwa mbao hazipo, amekaa chini zaidi, kichwa hakipiti tena juu ya kioo. Amesikitikia upepo kidogo, halafu akasahau.

Zile reli za kusogeza kiti mbele na nyuma nimeziondoa. Meno yake yalikuwa yamejaa mchanga, yanaonekana yamekamata kumbe hayajakamata. Dereva ni mmoja na miguu yake hairefuki. Nimekifunga mahali pake, basi.

Jumapili, 20 Juni

Mandawa. Matita yote yamesimamishwa, yanakauka. Harufu ya ufuta iko mpaka kwenye nguo. Nilimwambia Mwanasha kwamba safari hii viti vimeshika. Alikuwa anapepeta. Hakuinua uso.

"Baba Sabaha," alisema, "mara ya kwanza pia uliniambia vimeshika. Safari hii umejuaje?"

Nikaanza kumweleza habari za sahani na vyuma vya kukingama. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hayo yote ni niliyoyafanya, yeye ameuliza nimejuaje.

Jumatatu, 21 Juni

Sijui nimejuaje. Nimekaa ndani ya gari nikatikisa kiti kwa mikono. Hakikutikisika. Lakini hata kile cha kwanza hakikutikisika kwa mikono.

Jumatano, 23 Juni

Nimepata. Ausi ana winchi ya mnyororo ya kuinulia injini, mimi sina. Nilivuka barabara nikamwomba. Akataka kujua ya nini. Nilipomwambia, akakubali kwa sharti kwamba awepo, akae mbele, na kama viti vitang'oka aruhusiwe kucheka mpaka Idi.

Jumamosi, 26 Juni

Leo sokoni hapakuuzika kitu.

Mwanasha amekuja mjini na wanawake wenzake watatu. Modestus alikuja amenyolewa. Ausi alikaa mbele kwenye kigoda chake mwenyewe. Tulilisukuma gari hadi chini ya mihimili mikubwa ya banda la zamani la mradi, tukaning'iniza winchi. Nikapitisha ukanda wa kuvutia magari kuzunguka kiti cha dereva, chini ya makalio na nyuma ya mgongo, kama unavyombeba mtoto, nikaukamatisha kwenye ndoano.

Mpango ulikuwa ni kuliinua gari kwa kiti chake.

Nilianza kuvuta mnyororo. Ukakaza. Kiti kikalia kidogo, nikasimama. Nilimwangalia Mwanasha, naye alikuwa anaangalia sakafu ya gari, siyo mimi. Nikavuta tena. Springi za gari zikaanza kunyooka, gari likaanza kujiinua kama ng'ombe anayeamka, upande wa dereva kwanza. Gurudumu la mbele likaachana na ardhi. Nikavuta. La nyuma nalo likaachana na ardhi. Gari zima limelalia upande mmoja, limening'inia kwenye kiti, na chini yake unaona kivuli chake.

Nilifunga mnyororo, nikachungulia kutoka pembeni, mbali na mahali linapoweza kuangukia. Sahani zilikuwa zimetulia. Bati halikuwa na hata mkunjo. Rangi mpya niliyopaka jana haikupasuka kwenye bolti hata moja.

Nikageuka nikakuta Ausi amesimama. Alivua kofia yake, akajikuna kichwa, akaniuliza kama kiti cha abiria nacho nimekifunga vilevile. Nikamwambia ndiyo. Akaja akashika mnyororo yeye mwenyewe, akasema hicho atakiinua yeye, aone kwa mkono wake. Akainua. Kikashika. Hakucheka. Aliniambia polepole, watu wasisikie, kwamba keshokutwa ataniletea kiti cha lori lake kinachomtesa.

Watu walipiga makofi kama vile gari limeruka. Modestus alitaka kukaa kwenye kiti likiwa limening'inia, nikamkatalia. Mwanasha alikuja akasimama karibu yangu. Alinifuta grisi ya shavuni kwa pembe ya kanga yake, mbele ya soko lote.

Jumatatu, 28 Juni

Nimerudisha tangi na bomba. Nimefunika kila ncha ya chuma iliyokuwa wazi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, zisimkate mtu.

Ijumaa, 2 Julai

Mazoezi. Kijito kile kikavu tumekipita mara nne. Modestus haimbi tena akiwa kwenye mteremko, anasubiri mpaka tupande.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Nimechoka kwa furaha. Nitaandika kesho.

Alhamisi, 8 Julai

Niko Mandawa, chini ya upenu wa nyumba, na leo sina kazi yoyote. Naandika yote.

Magari yalikuwa matano. Landrova mbili, Peugeot ya mfanyabiashara mmoja, pikapu, na letu. Mimi nilikaa kiti cha abiria kama msaidizi. Tulipotoka uwanjani letu lilikuwa dogo kuliko yote, watoto wakalishangilia kwa sababu hiyo. Niliukaza mkanda wa Modestus, akaukaza wangu.

Mpaka nusu ya njia tulikuwa wa pili. Modestus aliendesha vizuri mno. Peugeot tuliiona mbele yetu, kisha ikaacha kuonekana kwa vumbi, kisha tukaikuta imesimama kando na dereva wake anamwaga maji kwenye rejeta. Tukawa wa pili bado, maana Landrova moja ilikuwa imetupita kwenye mchanga. Sikujali. Nilikuwa nikicheka tu, mchanga mdomoni.

Karibu na Ruangwa barabara inakata kona katikati ya mashamba. Tulipoizunguka, mzee mmoja alikuwa anavuka na baiskeli, nyuma amefunga matita ya ufuta mapana kama mlango. Alituona akasimama palepale katikati. Modestus hakupiga kelele wala honi. Alikwepa. Tukampita yule mzee kwa upande wa kulia, gurudumu la kulia likaingia kwenye mtaro, gari likalala ubavu, likateleza hivyohivyo shambani likikata ufuta, likasimama.

Injini imezimika. Harufu ya petroli hakuna. Ufuta umetujaa kila mahali.

Gari lilikuwa limelala upande wa dereva, kwa hiyo Modestus alikuwa chini, shavu karibu na udongo, na mimi nilikuwa juu yake, nimening'inia kwenye mkanda kama popo. Kama mkanda ungeachia ningemwangukia na uzito wangu wote. Nilijihisi viungo kimoja kimoja. Vyote vilijibu.

"Fundi," Modestus alisema kutoka chini. "Uko hai?"

"Niko."

"Na mimi niko. Kiti je?"

Nilikisukuma kwa mgongo. Nilikuwa nimekikalia hewani na hakikusogea hata unywele. Nikamwambia kiti kiko palepale nilipokiweka. Akaanza kucheka, kwa sauti ndogo, halafu kubwa, na mimi nikacheka huku nimening'inia, machozi yananidondoka na yanamwangukia yeye. Watu waliokuwa wakipiga ufuta shambani walipofika mbio, wakadhani tumepata wazimu.

Yule mzee wa baiskeli alikuwa wa kwanza kufika. Alitaka kutuomba radhi, sisi tukataka kumwomba yeye. Walinitoa kwanza mimi, halafu Modestus, wakatukagua kama mbuzi wa mnada. Sikuwa na mchubuko. Yeye alikuwa na alama nyekundu ya mkanda begani, basi. Kisha wanaume kwa wanawake wakashika gari, wakaimba wimbo wao wa kazi kwa Kimwera, likasimama kwa magurudumu yake. Mwenye shamba alikataa kusikia habari ya ufuta uliokatwa. Alisema ulikuwa umeiva, tumemsaidia kuvuna.

Niliangalia mafuta, breki, usukani. Likawaka. Tukaingia Ruangwa wa nne, ubavu umebonyea, gari lote limejaa mashina ya ufuta kama tumelipamba. Watu walidhani ndivyo tulivyokusudia. Walitushangilia kuliko waliotangulia.

Mwanasha alikuwa amefika kutoka Mandawa na Sabaha na nusu ya ukoo wetu. Aliliona bonyeo. Alitupita sote wawili, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari, akainama akatazama ndani, sakafu, bolti, mikanda. Alitazama kama anayetafuta mbegu mbovu kwenye ungo. Kisha akafungua mlango wa abiria, akaingia, akakaa. Kiti kikambeba vizuri, miguu tu haikufika chini.

Modestus alinipa ufunguo. Alisema yeye atarudi na Landrova, tena anataka kucheza ngoma kwanza, na alipokwisha kusema hivyo tayari mabega yalikuwa yanacheza. Sabaha alibaki na shangazi zake.

Nilimfunga mke wangu mkanda, nikamweleza kila ncha imefungwa wapi. Alinisikiliza. Tulitoka Ruangwa polepole, jua likiwa limeinama, watu wakitupungia mikono, na yeye akiwapungia kwa kiganja kidogo, kwa heshima, kama mgeni rasmi. Tulipotoka kwenye nyumba za mwisho, barabara ikanyooka mbele yetu, nyeupe, tupu. Upepo ulimvua kanga kichwani, akaikamata akaikalia.

Niliendesha taratibu. Sikutaka kumtisha. Tulipita shamba la kwanza, la pili. Nikamwangalia kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameushika mkanda kwa mikono miwili, anatabasamu mbele.

"Baba Sabaha," akasema, "ongeza kidogo."

Nikaongeza.